Mlo wa Krismasi kwa wakwe: niende au nikae?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mke wangu ni Mkristo, na tumeoana kisheria. Kila Krismasi wazazi wake huwakusanya wanawe wote kwa chakula cha mchana. Mwaka jana nilisingizia kazi, na mama mkwe hadi leo ana kinyongo. Je, nikienda nitakuwa nimeshiriki sikukuu yao?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Kwanza, habari ya kusingizia kazi iache. Ukiwa na sababu ya dini, itaje kwa upole. Wakwe wengi huielewa kuliko tunavyodhani.

Maulamaa wamekhitilafiana. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walikaza sana, hata salamu za pongezi kwa sikukuu hizo wakazikataa. Katika zama zetu, Yusuf al-Qaradawi alilegeza katika kupongezana, hasa kwa jamaa na majirani. Anayeshika kauli ya wale wa kwanza simlaumu. Ila wewe si mpita njia katika nyumba ile. Sheria imekuruhusu kumwoa binti yao, na aya hiyohiyo ya tano ya Suratul Maidah iliyohalalisha ndoa hiyo ndiyo iliyohalalisha chakula cha Ahlul-Kitabi, yaani Wayahudi na Wakristo. Ninavyoona mimi, ukienda kwa nia ya kuunga ujamaa, si kuitukuza siku, huna dhambi. Ibada ni mlango mwingine: kanisani usiingie nao kusali, wala usiitikie dua yenye maneno yanayopingana na tauhidi, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu. Wakisali kabla ya kula, nyamaza kwa adabu, kisha sema bismillahi yako.

Kazi kubwa iko kwenye sahani. Nguruwe hana mjadala. Nyama nyingine ni halali ikiwa mnyama alichinjwa, hakunyongwa wala hakupigwa akafa, na hakuchinjiwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Usiende jikoni kuhoji kila kipande. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu nyama isiyojulikana kama ilitajiwa jina la Allah, akawaambia waliouliza walitaje wao wenyewe na wale, hadithi hiyo iko katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Angalia zaidi upawa: ukitoka kwenye chungu cha nguruwe ukatumbukizwa kwenye mchuzi wa kuku, mchuzi huo umeharibika kwako. Mwambie mkeo aongee na mama yake mapema, si siku yenyewe watu wameshakaa, chakula chenu kitengwe na kiwe na upawa wake.

Pombe ni ngumu zaidi. Imepokewa kwa Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kwamba anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Kwa hiyo ombeni mle meza ya pembeni, au mfike mapema na kuondoka kabla chupa hazijafunguliwa. Yote hayo yakishindikana, nenda kawaamkie siku nyingine na zawadi mkononi, na mkeo siku yenyewe aende kwa wazazi wake.

Na kinyongo cha mama mkwe usikichukulie kidogo. Asmaa bint Abi Bakr, sahaba wa Mtume, alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama amtendee wema. Akamjibu ndiyo, muunge mama yako. Huyo wako ni mama wa mkeo na bibi wa watoto wako, mkijaaliwa. Kabla ya Krismasi kufika, mpigie simu wewe mwenyewe.

Wallahu a'lam.