Akisema "Ndiyo", Usiishie Hapo

Ninyi mnaoanza kuwahudumia vijana wasio na makazi, mtakutana na kijana anayeitikia kila mnachosema. Utaenda kulala hifadhini, kwenye makazi ya muda? Ndiyo. Umeelewa? Ndiyo. Kesho asubuhi utafika? Ndiyo. Kesho hafiki, na kwenye jalada lake anaandikwa "hana ushirikiano". Nawasihi, msiliandike neno hilo upesi. Vijana wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza tangu utotoni kwamba kuitikia kunawaepusha na kufokewa.

Basi usimuulize kama ameelewa. Mwombe akueleze kwa maneno yake mtakachofanya kesho. Sema jambo moja, kwa sentensi fupi, kisha nyamaza. Ukiwa na haraka, kunyamaza huko ni kazi ngumu, lakini wengine huhitaji muda kulipanga jibu, na ukilibadilisha swali katikati unamrudisha mwanzo. Hata swali la kuchagua lina mtego wake, maana wapo wanaorudia neno la mwisho walilolisikia. Uliza tena baadaye ukiwa umegeuza mpangilio, uone kama jibu ni lile lile.

Miadi ya karatasi haitoshi kwa asiyesoma saa wala kalenda. Nenda ukamchukue, muongozane.

Hifadhi nayo si jibu la kila mtu. Ukumbi wenye vitanda vingi, taa kali na makelele ya usiku kucha unaweza kumtesa kijana mwenye usonji kiasi cha kuona heri alale nje. Akiondoka, chunguzeni kwanza mazingira aliyolazwa, nidhamu itajadiliwa baadaye. Inasaidia sana akipelekwa kupaona mchana na kuonyeshwa kitanda na choo kabla ya usiku wa kwanza.

Tabia ikibadilika ghafla, akaanza kupiga kelele au kujipiga, msiridhike na maneno "ndivyo alivyo". Huenda jino linamuuma, sikio lina usaha, au amefunga choo siku kadhaa na hawezi kueleza. Ulizeni pia kuhusu kifafa, ambacho huwapata watu wenye ulemavu wa akili zaidi kuliko wengine. Dawa zake zikipotea mtaani, hilo ni jambo la dharura, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Mnapopanga haya yote, yeye awepo, na zungumzeni naye, si na aliyemleta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, katika kifungu cha 12, unamtambua kuwa sawa na wengine mbele ya sheria na kuitaka nchi impe msaada wa kuitumia haki hiyo. Mimi naliamini hili kwa moyo wote: kazi yetu ni kumsaidia aamue, hata akichagua tusichokipenda.

Akipata chumba, msifunge jalada. Hapo ndipo hujitokeza "rafiki" anayehamia kwake, anayekula fedha zake na hatimaye kumtoa nje. Kijana aliyekaa mpweke muda mrefu humkubali yeyote anayemchekea. Mtembeleeni mara kwa mara, na mumuulize mkiwa naye peke yake: nani analala hapa, nani anashika fedha zako, na ukitaka aondoke, anaondoka?