Fidia ya ardhi: X ya kijani, posho na hela zinazochelewa

*Nyumba yangu imepigwa X nyekundu, ya jirani X ya kijani. Kwa nini yeye alipwe mimi nikose?* (Kibaha)

X ni alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa kupisha barabara. Nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kando yake, fidia hakuna. Kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifikisha mita 30. Fidia iko kwenye hizo saba na nusu za nyongeza, kwa aliyekuwepo hapo kihalali. Kabla ya kununiana na jirani, shikeni futi kamba mpime kutoka katikati ya barabara.

*Mthamini kasema nitalipwa nyumba na minazi. Ndiyo basi?* (Mkuranga)

Hapana! Kanuni za fidia za 2001 zinahesabu pia ardhi yenyewe kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, na usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kisha posho ya makazi, ambayo wengi hawaijui: kodi ya nyumba kwa mwezi mara 36. Nyumba ya kupangishwa 100,000 inakupa 3,600,000. Mwenye biashara hulipwa faida ya mwezi mara 36, ila anatakiwa kuleta hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe gani ana hesabu zilizokaguliwa? Hapo kanuni inamwonea mnyonge, nasema wazi.

Fomu usiisaini juu juu. Hesabu minazi mwenyewe, na choo cha nje kiandikwe.

*Tulithaminiwa miaka mitatu iliyopita, hela hatujaiona, na hata plasta tumekatazwa kupiga.* (Kigamboni)

Malipo yanatakiwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikizidi, riba inaanza kuhesabiwa. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, ikipita miaka 2 tathmini hiyo imekufa: mnathaminiwa upya, kwa bei ya leo. Andikeni barua moja ya pamoja kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mthamini Mkuu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

*Na sisi wenye viwanja vitupu?* (Bagamoyo)

Ardhi mnalipwa. Posho ya makazi na usafiri msizidai, hamkuwa mkiishi pale.