Kabla Hujabadilisha Taa za Gari-nyumba, Jua Volti Zako

Usiku wa pili tukiwa tumeegesha mbali na umeme, taa za ndani zilianza kufifia zikawa na rangi ya chungwa, na pampu ya maji ikawa inavuta kwa shida. Nikachukua mita, nikapima betri: volti 11.8. Kwa betri ya asidi, hapo imekaribia kuisha. Wala hatukuwa tumewasha kitu kikubwa. Tulipika, tukala, mume wangu akasoma, mimi na mtoto tukacheza karata. Taa tu ndizo zilizotufikisha hapo.

Kesho yake nilikaa nikapiga hesabu. Balbu zetu zilikuwa zile za zamani za waya, namba 921, na kila moja hula karibu ampea 1.4. Sita zilikuwa zikiwaka jioni nzima, tuseme kwa muda wa saa tano. Hizo ni ampea-saa 42 (ampea zidisha saa ilizowaka). Betri yetu ni ya ampea-saa 100, na betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo taa peke yake zilikuwa zinamaliza karibu kila tulichoruhusiwa kutumia kabla ya kuchaji tena. Balbu ya LED yenye mwanga unaokaribiana na huo hutumia kama ampea 0.2. Sita kwa saa tano zinakula ampea-saa 6.

Basi nikanunua LED, tena haraka, pakiti nzima ya bei rahisi, nikabadilisha karibu gari zima kwa siku moja. Miezi michache baadaye karibu nusu yake zilikuwa zimekufa. Nyingine zilibaki na mstari mmoja unaowaka, nyingine zilikuwa zikikonyeza kila tunapochomeka umeme wa nje. Hilo la kuchomeka ndilo lililonifungua macho.

Sote tunasema mfumo wa volti 12, lakini ndani ya gari-nyumba volti 12 kamili huzikuti mara nyingi. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7. Chaja ikiwa imeshajaza betri na inaishikilia tu, utasoma kama 13.6. Chaja ikiwa katikati ya kazi ya kujaza, zinapanda hadi 14.4, wakati mwingine zaidi. Balbu ya waya huvumilia hayo. Inang'aa zaidi na maisha yake yanapungua. LED ya bei ya chini mara nyingi ndani yake haina cha kuilinda ila resista. Resista ni kipande kinachopunguza mkondo tu, hakiudhibiti: volti zikipanda kidogo, mkondo unaopita kwenye chipu, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga, unapanda sana, chipu zinachemka, na joto ndilo adui mkubwa wa LED. Balbu zangu ziliandikwa 12V, basi, na zilikuwa zinaishi kwenye 14.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachosoma kwenye pakiti sasa ni kiwango cha volti, kabla hata ya kuangalia mwanga. Natafuta iliyoandikwa 10–30V DC (DC ni umeme wa aina ya betri), au angalau 9–16V. Maandishi hayo kwa kawaida yanaonyesha kwamba ndani kuna saketi inayodhibiti mkondo, na mwanga unabaki uleule chaja ikiwa kazini au betri ikiwa imeshuka. Isipokuwa kuna jambo la kukumbuka hapo. Balbu za zamani zilikuwa zinakuonya kwa kufifia. Hizi hazikuonyi, zitawaka vizuri hadi betri inaumia. Weka kipimo kidogo cha volti mahali unapopita kila siku.

Saketi hizo nazo zina kasoro yake: zilizotengenezwa ovyo huingilia redio na antena ya televisheni. Namna ya kujua ni rahisi. Tafuta stesheni inayoshika kwa shida, kisha washa balbu karibu na antena. Ukisikia mvumo unaopotea ukizima, irudishe dukani.

Rangi ya mwanga ni suala la pili, na kwangu lina uzito kuliko wingi wa mwanga. Pakiti huiandika kwa K, yaani kelvini: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni mweupe zaidi. Pakiti yangu ya kwanza ilikuwa ya 6000K, nyeupe inayoelekea bluu. Ndani ya chumba chenye dari ya chini na kuta zilizo karibu, mwanga ule unachosha macho. Mtoto alionekana kama mgonjwa, na nyama jikoni nilishindwa kujua kama imeiva. Sasa tuna 3000K sehemu zote za kukaa na kulala, na 4000K juu ya sehemu ya kukatia mboga. Kama pakiti inataja CRI, chagua 90 au zaidi. Ndicho kipimo cha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisia. Kuhusu lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, balbu za waya za namba 921 na 1141 hutoa karibu 260, kwa hiyo LED ya 200 hadi 300 inatosha.

Umbo nalo: toa balbu ya zamani uende nayo. 921 ina kitako bapa cha kuchomeka. 1141 na 1156 zina kitako cha duara chenye vipini viwili pembeni, na kwa kitako cha aina hiyo angalia chini kama kuna nukta moja ya kugusa au mbili, maana haziingiliani. Halojeni ndogo za G4 zina vijiti viwili vyembamba. Pima pia nafasi iliyopo, kwa kuwa LED nyingi ni ndefu kuliko ile unayotoa na kifuniko kinaweza kugoma kufunga. Na tazama balbu inavyokaa kwenye taa: ikiwa inalala kiubavu, chipu zinapaswa kuelekea chini kwako, la sivyo nusu ya mwanga inaishia darini.

Ukiweka ikagoma kuwaka, usiitupe. LED nyingine zinachagua chanya na hasi. Yenye kitako bapa au vijiti igeuze tu. Ya duara haigeuki, itabidi ubadilishe waya. Mimi nanunua zisizochagua. Chomoa fyuzi kabla ya kugusa waya, na kama vishikio vya soketi vimeota kutu visugue kwanza. Juu ya jiko tuliacha balbu ya waya, sababu mvuke na joto la pale vinaweza kuua LED.

Mara ya pili nilinunua moja tu. Niliiweka juu ya meza, tukakaa nayo wiki mbili: umeme wa nje ukiwa umechomekwa, betri ikiwa imeshuka, redio ikiwa inalia. Ndipo nikaagiza kumi na moja zilizobaki, na mbili za akiba kutoka kiwanda hichohicho, maana 3000K ya kiwanda kimoja si lazima ifanane na ya kingine, na macho huona tofauti hiyo mara moja taa mbili zikiwa zimepangwa sambamba.