Lushoto bila gari: inawezekana kabisa

Mkuu, umeuliza kama Lushoto, mji wa milima ya Usambara kule Tanga, inafaa kwa wikiendi bila usafiri binafsi, na msosi ukoje. Inafaa sana. Shuka Mombo kwenye barabara kuu, panda gari la kwenda juu. Ni kilomita thelathini na ushee za kona tupu, hivyo kama unachafukwa na tumbo haraka wahi siti ya mbele. Maporomoko ya Soni utayaona njiani.

Irente, pale ukingoni pa kutazamia mandhari, nenda kwa miguu, bodaboda waache. Unapita katikati ya bustani za mboga na nyumba za watu, shikamoo za watoto haziishi, halafu ghafla ardhi inakatika: chini kabisa ni Mazinde na mashamba ya mkonge. Ukikuta ukungu, subiri tu. Ukirudi ingia Irente Farm, ule mkate na jibini wanayotengeneza wenyewe.

Jioni mimi ningekula kwa mama ntilie, wali maharage na mboga ya asubuhi hiyo hiyo. Ukienda mwezi wa kwanza, plamsi ni za kumwaga.

Magamba ni hifadhi ya msitu: kuna kiingilio, na chukua mwongozaji. Sweta usisahau.