Ndege ya saa nane usiku, ni usiku upi?

Swali lenu la wiki hii, "Umewahi kuachwa na ndege au kukwama katikati ya safari? Ulifanyaje?", limenigusa kwa sababu kwetu limetokea mara mbili. Mara zote mbili kosa lilikuwa limeshafanyika siku nyingi kabla mtu hajaufikia uwanja wa Entebbe.

Wengi hulaumu jemu, yaani msongamano wa magari. Nimeishi Kampala miaka 19 tangu niolewe kutoka Mombasa, nauza vitenge na mashuka soko la Kikuubo, na jemu ya Kibuye na Najjanankumbi, kwenye barabara ya zamani ya Entebbe, jioni naijua vizuri. Lakini jemu ina dawa. Tangu 2018 ipo barabara kubwa ya haraka ya kwenda Entebbe kutokea Busega, na tangu Januari 2022 gari dogo hulipa shilingi 5,000 za Uganda kupita. Asiye na gari atapanda taksi, yaani matatu ya kwetu, hadi Kitooro mjini Entebbe, amalizie kwa boda boda. Ukitoka mapema utafika tu. Tikiti iliyosomwa vibaya ndiyo haina njia ya mkato.

Shangazi yake mume wangu, ambaye nyumbani sote humwita Hajjati, alikuwa anakwenda Dubai, bintiye kajifungua. Kijana aliyemnunulia tikiti alimwambia, "Hajjati, unaondoka Alhamisi usiku, saa nane na nusu." Alhamisi saa tatu usiku tukawa uwanjani, naye ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne pamoja na kadi yake ya njano ya chanjo, na begi limejaa unga wa mtama na samli ya mzazi. Binti wa kaunta akaisoma ile karatasi, akaisoma tena, kisha akasema kwa upole, "Jjajja (bibi), ndege hii iliondoka jana usiku." Hajjati hakumwelewa. Aligeuka akaniangalia mimi, kama mtu anayesubiri atafsiriwe, na mimi nilikuwa nimeshaiona: Alhamisi, 02:35.

Hakuna mjinga katika kisa hiki. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna kazi ya kuongeza au kutoa sita, na hiyo tumeizoea tangu utotoni; 02:35 ni saa nane na dakika 35, hakuna anayekosea hapo. Kinachotuangusha ni siku. Kwa wazee wetu wa pwani siku huanza jua likizama, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa maneno ya kila siku ya watu wa mjini, siku haigeuki mpaka kuche: anayekesha harusini hadi saa tisa atakwambia bado ni Jumamosi. Tikiti nayo hugeuza siku saa sita kamili ya usiku. Hesabu tatu, na mama wa miaka 68 anatakiwa akisie ni ipi. Bora kijana angemwambia maneno ambayo lugha yetu inayo tayari: usiku wa kuamkia Alhamisi. Nawaomba mawakala wa tikiti wa Kampala, na hasa wanaowapeleka mabinti wetu kufanya kazi Uarabuni, walitamke neno hilo kwa kila ndege inayoondoka kati ya saa sita usiku na alfajiri. Binti anayepanda ndege kwa mara ya kwanza hana wa kumuuliza, na akiachwa, anaanza kazi akiwa na deni.

Kisa cha pili ni changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Guangzhou, China, kununua mali. Nilitafuta bei mwenyewe kwenye simu nikaona nikinunua tikiti mbili mbalimbali, Entebbe hadi Nairobi kwa shirika moja na Nairobi hadi Guangzhou kwa jingine, naokoa dola 140. Niliacha nafasi ya zaidi ya saa nne katikati, nikajiona nimejipanga. Ndege ya kwanza ilikuwa iondoke saa sita na nusu mchana. Iliondoka saa tisa na dakika 40. Tulipotua Nairobi ilibidi nipite uhamiaji kama mtu anayeingia Kenya, nisubiri begi langu kwenye mkanda, nilisukume hadi upande wa kuondokea, nipange foleni upya. Nilifika kaunta saa kumi na moja na dakika 20. Ilikuwa imefungwa saa kumi na moja kamili, saa nzima kabla ya ndege kuruka. Ndege yenyewe bado ilikuwa pale.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo sikuwahi kuelezwa. Ukiwa na tikiti moja, yaani namba moja ya kuhifadhi nafasi kutoka mwanzo hadi mwisho, kukuchelewesha ni tatizo lao: watakutafutia ndege nyingine bila malipo mapya, na begi kwa kawaida huandikiwa mji wa mwisho tangu Entebbe. Ukiwa na tikiti mbili, lile shirika la kwanza limekufikisha Nairobi, kazi yake imekwisha; la pili linakuhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Hakuna aliyenidhulumu kisheria, lakini niliumia. Nililipa dola 610 kusafiri kesho yake.

Na ningepoteza zaidi kama si yule dada wa ofisi ya tikiti. Nilikuwa nimeinuka niende zangu nikatafute pa kulala. Akaniambia, "Mama, ukiondoka hivi bila kubadilisha, na tikiti yako ya kurudi inafutwa." Ndivyo mashirika mengi yanavyofanya: usipopanda kipande kimoja cha safari, vinavyofuata huanguka vyote. Kwa hiyo ukiona unachelewa, pigia simu shirika au wakala wako kabla ndege haijaruka, hata kama bado uko kwenye taksi Kajjansi, njiani kwenda Entebbe. Baada ya kuruka, maneno yako hayana uzito tena.

Kwa Nairobi nilikuwa na nafuu moja, pasi ya Uganda haihitaji viza kuingia Kenya. Mwenye tikiti mbili anayeunganisha kwenye nchi inayomtaka viza atafanyaje? Begi liko upande wa pili wa uhamiaji, naye hawezi kulifuata. Hili hulioni kwenye simu unapolinganisha bei.

Ndege ikichelewa ukiwa na tikiti moja, usikae kimya kusubiri utangazwe. Simama foleni huku unapiga simu, yeyote atakayejibu kwanza ndiye huyo. Omba uandikiwe kwamba ndege ilichelewa na kwa sababu gani, kipande cha kadi ya kupandia usikitupe, na risiti za chakula zitunze. Begi lisipoonekana, liripoti kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo na usiondoke bila namba ya ripoti. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia safari nyingi za kimataifa, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi begi likiharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea ikiwa lilichelewa. Niliwahi kuletewa begi na zipu imekatwa, nikaja kulalamika wiki ya tatu. Nilisikilizwa kwa heshima, basi.

Wanaokwenda Ulaya wana kinga zaidi na wengi hawaijui. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humlinda hata anayeondokea Entebbe, mradi anasafiri na shirika la Ulaya. Akitokea Ulaya, shirika lolote lile. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukifika umechelewa kwa muda wa saa tatu au zaidi unaweza kudai yuro 600, au nusu yake kama hamkufikisha saa nne. Dhoruba na mambo ya namna hiyo huyaondolea mashirika wajibu wa kulipa fidia, hayayaondolei wajibu wa kukulisha na kukulaza. Anayerudi kutoka Brussels akalala kwenye kiti bila kuuliza ameacha haki yake mezani.

Hajjati tulimbadilishia tikiti kwa kuongeza pesa, akapata nafasi Jumatatu, saa ile ile ya 02:35. Safari hii karatasi niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: "JUMAPILI. Baada ya Isha, saa tatu usiku, toka nyumbani. Ndege ni usiku wa kuamkia Jumatatu." Saa ya tikiti sikuiandika kabisa. Jumapili saa moja jioni alikuwa amekaa mlangoni juu ya begi lake, buibui imeshafungwa, anauliza dereva kachelewa nini.