Anza na birika: kwa mnaoanza kusoma riwaya ya vita pamoja na filamu yake

Kila mwaka vyuo vinapofungua, wawili watatu kati ya wanafunzi niliowafundisha sekondari hapa Kisumu hunitumia ujumbe. Wamepangiwa kozi ya riwaya na filamu, na kitabu chenyewe ni Slaughterhouse-Five cha Kurt Vonnegut. Swali lao halibadiliki: "Mwalimu, mbona hadithi hii haina kichwa wala miguu?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa simu hadi nikaona afadhali niandike mara moja.

Nianze na kosa langu. Insha yangu ya kwanza kuhusu kitabu hiki, mwaka wa pili chuoni, ilikuwa kurasa saba za "filamu imeacha hiki, filamu imebadilisha kile". Niliorodhesha tofauti 23. Ilirudi na alama 11 kati ya 30, na pembeni mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umehesabu. Sasa fikiri." Iliniuma wiki nzima, lakini alikuwa na haki.

Kosa lile lina mizizi, nanyi mnayo pia. Shuleni tulizoea vitabu teule: maudhui, wahusika, tamathali za usemi, muktadha wa dondoo. Waigizaji walipokuja mjini kutuigizia kitabu teule, tulikaa ukumbini na daftari tukihakikisha hakuna tukio lililorukwa, maana huenda lingekuja kwenye mtihani. Kwa hiyo tulijua kipimo kimoja tu, kwamba mchezo mzuri ni ule unaofuata kitabu. Ukienda na kipimo hicho chuoni utaandika orodha kama yangu.

Sasa kitabu chenyewe. Vonnegut alikuwa askari wa Marekani, akatekwa na Wajerumani Desemba 1944 na kupelekwa mji wa Dresden. Kuanzia usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza, kisha za Marekani, ziliuteketeza mji ule kwa mabomu. Yeye na mateka wenzake walipona kwa sababu walikuwa chini ya ardhi, katika ghala la nyama la kichinjio namba tano. Walipotoka walitumwa kufukua maiti. Kitabu kilitoka mwaka 1969, miaka 24 baadaye, na sura ya kwanza yote ni mwandishi mwenyewe akieleza alivyoshindwa kukiandika.

Wengi huiruka sura hiyo wakidhani ni dibaji. Msiiruke. Humo yumo Mary O'Hare, mke wa rafiki aliyetekwa pamoja naye. Vonnegut anawatembelea ili wakumbushane mambo ya vita, na Mary anamnunia. Anagongagonga vitu jikoni, anafungua na kufunga milango, mpaka uvumilivu unamwisha. Mlikuwa watoto tu kule, anamwambia, lakini wewe utaandika kana kwamba mlikuwa wanaume kamili, na kwenye sinema mtaigizwa na akina Frank Sinatra na John Wayne, vita vionekane vizuri, na tuzidi kuwa navyo. Vonnegut anamwahidi kwamba kitabu chake hakitakuwa na nafasi ya watu kama hao. Kisha anamtunukia Mary kitabu.

Soma ukurasa ule mara tatu kabla ya kugusa filamu. Hiki ni kitabu kinachoiogopa sinema, na miaka mitatu baadaye kikafanywa sinema. George Roy Hill alipoiongoza, mwaka 1972, nafasi ya Billy Pilgrim, mhusika mkuu, alimpa Michael Sacks, kijana ambaye hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Ana uso laini na macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Akivalishwa koti la vita unamwona mtoto ndani ya nguo za baba yake. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapomjibu Mary, na inamjibu bila neno. Insha inayoanzia hapo tayari ina la kusema. Ile ya tofauti 23 haikuwa nalo.

Kuhusu wakati nitakaa kidogo, maana ndipo mnapokwama. Billy amebanduka kwenye wakati, kama stika iliyoisha gundi. Mara yuko kwenye theluji nyuma ya mistari ya adui, mara ni daktari wa macho mwenye pesa zake huko Marekani, mara ameshatekwa na viumbe wa sayari ya Tralfamadore, mara anakufa, mara yuko tena kwenye theluji. Mkono wako utataka kuandika "mbinu rejeshi". Uzuie. Mbinu rejeshi inahitaji pa kurudi. Msimulizi ana leo yake, anatazama nyuma, kisha anarejea kwenye leo. Billy hana leo. Siku zote ni sawa kwake, na hakuna hata moja anayoichagua.

Mimi hili sikulielewa darasani. Nililielewa Nakuru, kwenye kibaraza cha jirani yetu. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika mtaani, mama huyo aliacha maharagwe jikoni akakimbia na watoto wawili hadi uwanja wa maonyesho, walikokuwa wakilala watu waliotimuliwa makwao. Nimemsikia akisimulia labda mara kumi, na hakuna hata mara moja aliyoanzia mwanzo. Huanza na maharagwe. Kutoka hapo ataruka hadi harusi ya binti yake, kisha kwenye lori, kisha mume wake akinyoa ndevu asubuhi ile, kisha maharagwe tena. Na hasemi "nilikuwa mlangoni". Husema "niko mlangoni, nasikia mbwa." Hakuna mbinu anayoitumia. Yamekaa hivyo ndani yake, nayo hutoka yalivyokaa.

Tangu siku nilipounganisha vitu hivyo viwili sijaweza tena kuuita mvurugo wa riwaya ile mchezo wa mwandishi. Neno usasaleo (postmodernism, uandishi unaovunja mpangilio wa kawaida wa hadithi) mtalisikia kila wiki, na ni neno halali. Aliyesoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, hatashangazwa na hadithi isiyoshika njia moja. Lakini liweke mwishoni mwa insha, si mwanzoni. Mtu akianza nalo, kila ukurasa humfanyia kazi ya kuthibitisha kwamba jina ni sahihi, na wafu wa Dresden wanageuka mifano.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua kitu kimoja kidogo, ukifuate katika kazi zote mbili. Mimi nilifuata birika la chai. Edgar Derby ni mwalimu wa sekondari, umri miaka 44, mtu mwema kuliko wote katika kundi la mateka. Katika kitabu, baada ya mji mzima kuteketea, anapigwa risasi kwa kuokota birika kwenye vifusi. Vonnegut anatuambia hili katika sura ya kwanza, kabla hatujamjua Derby ni nani, na anaendelea kulidokeza njiani. Likifika lenyewe, sura ya mwisho, linapita kwa mistari michache. Ukilisoma kwa haraka utalipita.

Kwenye filamu birika halipo. Derby, anayeigizwa na Eugene Roche, anaokota kisanamu cha kauri ambacho hakikuvunjika. Anafurahi, anamwonyesha Billy, na hicho ndicho kinachomuua. Kwa nini wabadilishe? Birika ni chombo cha kazi. Wizi wake ni wizi wa mtu mwenye kiu, na upuuzi wa kifo kile unatokana na udogo wa chombo. Kisanamu hakina kazi ila kupendeza, na eneo lile limesifika kwa kauri tangu kiwanda cha Meissen, jirani na Dresden, kilipoanzishwa mwaka 1710. Kwa hiyo Derby wa filamu anashika mkononi kipande cha mji ule ulivyokuwa kabla ya moto. Kitabu kinasema huyu alikufa bure. Filamu inaongeza kwamba alikufa akiwa ameona kitu kizuri. Nilijua kinachokuja, na bado nilishtuka. Mimi napendelea birika. Mwenzangu wa chumbani alipendelea kisanamu, tukabishana hadi usiku wa manane, na mabishano yale ndiyo yaliyozaa tasnifu yangu.

Jambo la pili la kufuata ni yale maneno matatu, "So it goes", yanayofuata kila kifo kitabuni, ambayo kwa Kiswahili ningeyasema "ndivyo ilivyo". Yanatokea mara 106. Yanasemwa kwa watu, kwa chawa waliouawa kwenye nguo za mateka, hata kwa shampeni iliyochacha. Wanafunzi huniuliza kama ni maneno ya kukubali au ya hasira. Huwajibu kwa kuwakumbusha matanga ya kwetu. Mtu husimama akasema "kazi ya Mungu haina makosa". Akisema bibi aliyezika watoto watatu, sentensi ile inamshikilia asianguke. Akisema mtu ambaye angeweza kuzuia kifo chenyewe, inawafunga wengine mdomo. Maneno ni yale yale. Kwa hiyo kila yanapotokea, uliza nani amekufa, na kwa mkono wa nani. Filamu haina msimulizi, kwa hiyo hakuna wa kuyasema. Badala yake kuna muziki wa Bach unaopigwa na mpiga piano Glenn Gould, na kuna nyuso.

Ndiyo maana nakusihi uitazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza bila kusimamisha, dakika zote 104, ikiwezekana na wenzako. Mara ya pili peke yako, ukiandika dakika ya kila mruko, na kando yake ni nini kinachounganisha pande mbili: sauti, mkono, ngazi, makofi. Derby anapochaguliwa kuwa kiongozi wa mateka, picha zinapokezana na Billy akihutubia klabu ya Lions miaka mingi baadaye. Kitabuni nafasi tupu kati ya aya mbili ndiyo inayofanya kazi ile. Dede Allen, mhariri wa filamu, aliifanya kwa mkasi. Tarehe za mruko usizibahatishe. Chora jedwali. Mimi nilitumia upande wa nyuma wa kalenda ya ukutani.

Tahadhari moja kuhusu hesabu. Kitabu kinataja wafu 135,000, idadi iliyotoka kwa David Irving, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya historia, ambaye mwaka 2000 mahakama ya London ilimkuta amepotosha ushahidi wa historia kwa makusudi. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wa Dresden ilisema mwaka 2010 kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Usiinakili ile ya kitabuni kama historia. Wala usiitumie ile ya tume kumfanya Vonnegut mwongo. Alikuwepo, alifukua, na aliandika kwa hesabu iliyokuwepo mezani wakati ule.

Nilipofika sura ya birika kwenye tasnifu nilikwama mwezi mzima. Sikuweza kueleza kwa nini mji wote uliwaka na mtu akakumbuka birika. Nikapanda matatu hadi Nakuru, nikakaa kwenye kibaraza kile, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza jirani yetu juu ya usiku ule. Nilimuuliza sufuria ya maharagwe ilikuwaje. Aliweka kikombe chini. Akanionyesha ukubwa wake kwa mikono yote miwili, akasema ilikuwa na alama ya kuungua upande mmoja, na kifuniko kilikuwa cha sufuria nyingine, hakikukaa sawa, ilibidi ukiwekee jiwe juu.