Itikadi ya Mhadhiri na Alama za Mwanafunzi

SWALI: Assalaam alaikum. Mwanangu anasoma historia chuo kikuu. Likizo hii amenionyesha insha yake, ambamo ameeleza kuwa kudorora kwa Lamu hakukuletwa na Waingereza peke yao, kwani mashamba ya bara yalilimwa na watumwa na yakaanguka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907. Mhadhiri amempa alama haba na kuandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hizi ni hoja za mkoloni." Je, wasomi wote wa vyuo ni wa mrengo mmoja? Nimwambie aandike wanayotaka wao, apite?
Mama mzazi, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Simlaumu mhadhiri kwa kuwa na msimamo, maana hata kuchagua swali la mtihani ni kuamua jambo gani lina uzito. Namlaumu kwa kuibandika hoja jina la adui badala ya kuijibu, na jibu alikuwa nalo: angeweza kumwonyesha kijana kwamba reli iliyoanzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901 iliihamishia Mombasa biashara ya pwani, na kwamba uamuzi huo ulikuwa wa Waingereza. Hapo angeitetea itikadi yake na kufundisha kwa wakati mmoja. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1917, alisema kuwa kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuwazoesha wanafunzi kukubali mambo ya kweli yasiyoupendeza upande wao. Kwetu sisi watu wa pwani, utumwa ni mojawapo ya mambo hayo, na mwanao amethubutu kuugusa.

Wasomi si wa mrengo mmoja kila mahali. Marekani wale wa kushoto ni wengi, hasa katika fasihi na sayansi ya jamii, kuliko katika uhandisi au biashara. Dar es Salaam, baada ya Azimio la Arusha la 1967, Umaksi ulishika nguvu chuoni. Hata hivyo Walter Rodney, mwanahistoria Mmaksi kutoka Guyana aliyefundisha huko, alikwenda Makerere mwaka 1970 kujadiliana hadharani na Ali Mazrui, msomi wa siasa kutoka Mombasa, aliyepingana naye waziwazi. Wala nisingependa serikali iitwe kuwanyoosha wahadhiri, kwa maana tulikwisha kuyaona hayo mwaka 1982, wahadhiri Alamin Mazrui na Willy Mutunga walipotiwa kizuizini. Kifungu cha 33 cha Katiba yetu kinampa kila mtu uhuru wa kitaaluma, mhadhiri na mwanao pia.

Kwa hiyo asiandike asichokiamini. Aende ofisini kwa mhadhiri na insha yake, amwulize kwa adabu ni dai lipi lisilo kweli na ushahidi gani unalipinga, kisha aiongezee insha habari za reli, kwani bila hizo imepungua. Akikosa jibu, aombe kwa maandishi kupitia idara yake insha isahihishwe upya na mhadhiri mwingine.